Wembe wa Matanga ya Baba

Bugene, Karagwe
18 Mei 2025

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo waitu. Pokea salamu zangu nikiwa nimepiga magoti kama ulivyonifundisha, ingawa nimeyapiga mbele ya cherehani na mteja aliyekaa hapa ananishangaa. Umeamkaje? Na goti la kulia limeamkaje, maana najua siku hizi wewe na goti lako hamwamki pamoja? Kaka Nolasco alinipigia kutoka Nkwenda akaniambia upepo wa juzi umelaza migomba ya upande wa kaburini, nikasikitika sana, kwa kuwa ile Baba aliipanda kwa mkono wake. Nolasco amesema atakuja kuiwekea nguzo ile iliyobaki.

Sisi hatujambo. Mkweo Eliud anakusalimu, bado anazunguka vijijini na pikipiki yake kununua kahawa, akirudi jioni ana vumbi hadi kwenye kope. Mjukuu wako Yustus ameanza kuongea, na kila mwanamke aliyefunga kitambaa kichwani anamwita Bibi. Jumapili baada ya misa alimwita Bibi mke wa katekista, ambaye nadhani hajafika hata miaka thelathini. Nilicheka peke yangu, mwenyewe hakucheka.

Utashangaa kupata barua siku hizi za simu. Mama, simu yako naijua. Ikilia, anayeipokea ni Shangazi Costansia, kisha inawekwa sauti ya juu ili wewe usikie vizuri, na pamoja nawe wanasikia majirani na mbuzi. Haya ninayotaka kukuambia si ya mbuzi. Nitampa Nolasco bahasha mkononi na nitamwapisha asiifungue. Vaa miwani yako, ingia chumbani, uisome peke yako polepole. Halafu ukishaisoma, uamue mwenyewe nani aambiwe nini.

Kwanza nikuombe radhi kwa ukimya. Tangu nilipogombana na Shangazi kwenye simu mwezi wa pili, kila nikikupigia unanijibu mzima, wazima, haya, kwa heri. Imenichoma, Mama. Wewe ni mtu ambaye zamani ukinieleza habari za ng'ombe mmoja kuzaa, chai yangu ilikuwa inapoa. Najua uliona nimemvunjia heshima wifi yako, na kweli sauti yangu ilipanda. Lakini hukusikia upande wangu, na mimi kwa hasira sikukueleza. Tabibu wa zahanati aliniomba nimsimulie kila kitu tangu mwanzo, na nilipokuwa nasimulia ndipo hata mimi nilipoanza kuelewa. Basi acha nikusimulie na wewe hivyo hivyo, hata yale unayoyajua.

Unakumbuka siku ya kuondoa matanga ya Baba, mwaka jana mwezi wa sita. Shangazi alikaa kwenye kigoda nyuma ya jiko, wembe mkononi na bakuli la maji miguuni, akatunyoa sote wa nyumba ya mzee Pastory mmoja baada ya mwingine, watoto na wajukuu. Alikuwa anasema yale maneno ya ukoo, wa tumbo moja wembe mmoja. Wewe peke yako hukunyolewa pale. Uliomba wembe uende ukajinyoe mwenyewe ndani, ukafunga mlango, ukatoka umeshafunga kitambaa cheusi. Sisi tulidhani ni uchungu wa ujane, tukakuacha.

Binti yangu Mackrine hakuwepo asubuhi ile. Alikuwa nyuma na baba yake, pikipiki ikawaharibikia njiani, wakafika jioni majivu ya moto wa matanga yameshazolewa na nywele zetu zimeshafukiwa kwenye shina la mgomba. Shangazi akamnyoa peke yake, wa mwisho, huku akinung'unika kwamba mtu hanyolewi majivu yakiwa yamepoa. Mtoto yule aliyasikia maneno hayo. Sikujua kama aliyasikia, maana alikuwa amesimama akitazama kaburi la babu yake, na unajua walivyokuwa wale wawili. Baba hakuweza kutafuna kahawa bila kumpa Mackrine punje ya kushika.

Baada ya wiki kadhaa kikatokea kiduara kidogo nyuma ya sikio lake, cheupe cheupe kama kimepakwa unga, na nywele zake zimekatika. Nikanunua dawa ya kupaka duka la dawa la hapa Bugene. Kikakauka kidogo, kikatokea kingine. Nikabadilisha dawa ya kupaka, vikawa vitatu. Nikakuambia, nawe ukanijibu ni mapunye tu, watoto wote wanaugua mapunye, yatakwisha akikua. Nikaamini. Hata mimi shuleni nilikaa na wenzangu wenye mapunye na sikumbuki mmoja wao kupelekwa hospitali.

Shangazi yeye hakuamini kwamba ni mapunye tu. Alisema ni Baba. Mjukuu wake kipenzi alichelewa kumlilia, akanyolewa nje ya wakati, na marehemu amekataa zile nywele. Mackrine alipokuja kwako likizo ya Krismasi mkakaa mkapanga matanga yarekebishwe, na ili asinyolewe tena peke yake, mkawaita na watoto wa Nolasco wampe ushirikiano. Ukatoka wembe ule ule wa matanga ya Baba, ambao Shangazi aliuviringisha kwenye kitambaa akauweka darini, kwa kuwa haupaswi kutupwa mpaka mwaka wa marehemu utimie. Akaanza na Mackrine, juu ya vidonda vyake, kisha hao wengine. Halafu wewe ukampaka samli kichwa kizima.

Sikulaumu, Mama. Nayaandika haya huku nakuona ukimpaka, vidole vyako vinavyozunguka taratibu, na najua ulikuwa unamwombea. Mliyafanya yote kwa kumpenda. Hata kile kibuyu cha samli ulichompa aje nacho huku niendelee kumpaka, nilikipokea kwa mikono miwili.

Lakini shule ilipofunguliwa kichwa kikavimba. Upande wa kushoto, juu ya sikio, palitokea uvimbe laini kama parachichi lililoiva kupita kiasi, unatoa usaha, nywele zinachomoka zenyewe. Usiku alilala akiwa amekaa. Akaanza kuvaa ile kofia ya sufi ya baba yake hata wakati wa jua kali, na darasani wenzake wakahama dawati. Mwalimu hakumfukuza, ni yeye mwenyewe aliyekataa kwenda. Mwanangu ambaye alikuwa anaamka kabla ya jogoo ili awahi namba shuleni, akawa anajificha nyuma ya vitenge vya wateja wangu. Shangazi akaniambia kwenye simu nimlete aje aupasue ule uvimbe kwa wembe utoke uchafu. Hapo ndipo nilipopandisha sauti, nikasema ule wembe utupwe chooni. Naye akaniuliza kama sasa nimejitoa kwenye tumbo moja, akakata simu. Nililia sana siku ile, nikamfunga mwanangu kanga kichwani, nikampeleka zahanati.

Tabibu ni mama mmoja wa kutoka Muleba, anaitwa Benadeta, mtu wa utani sana. Alipoifungua ile kanga alinusa, akauliza ni nani aliyemkaanga mtoto, maana ananukia kama nyumba ya harusi. Mackrine akacheka kwa mara ya kwanza baada ya siku nyingi. Kisha akavaa glovu, akakitazama kichwa sehemu kwa sehemu. Akanionyesha vidoti vyeusi kwenye yale mabaka, akasema hivyo ni vipande vya nywele zilizokatikia kwenye ngozi. Akavuta nywele chache kwa kibanio, zikatoka mtoto hata hajakunja uso. Akasema ni fangasi, Mama. Ni kuvu, ndugu yake yule anayeota kwenye mkate au kwenye viatu vilivyofungiwa na unyevu, ila huyu anakula nywele. Ule uvimbe pia ni yeye huyo huyo. Mwili ukimkasirikia sana unavimba namna ile, na haupasuliwi wala haukamuliwi, maana ukiukamua unaharibu ngozi bure.

Nikamwonyesha dawa zangu za kupaka. Akasema hizo zingefaa kama ugonjwa ungekuwa mkononi au mgongoni, lakini kichwani yule kuvu anaingia ndani kwenye shina la unywele, mafuta ya juu hayamfikii. Dawa yake ni ya kumeza, ipite kwenye damu ifike kwenye mizizi. Na imezwe wiki nyingi bila kuruka hata siku ambayo kichwa kinaonekana kimepona, kwa sababu watu wengi wanaacha katikati na kuvu anarudi na hasira. Akatupatia vidonge vya griseofulvin kulingana na uzito wa mtoto, na sabuni ya maji ya kuoshea nywele ili asiwaambukize wengine wakati dawa inafanya kazi.

Halafu akasema neno ambalo limenifanya nikukumbuke, nikakaribia kucheka na kulia kwa pamoja. Alisema vidonge hivi vinapenda mafuta. Mtu akivimeza na chakula kikavu vinapita tu, lakini akivimeza na chakula chenye mafuta mwili unavipokea vizuri. Akaniuliza kama nyumbani nina maziwa, karanga, au kitu chochote cha namna hiyo.

Mama, nilikuwa na kibuyu kizima cha samli yako. Sikumpaka tena hata tone. Kila siku nilimpikia ndizi zake na maharage, nikatia kijiko cha samli juu, akala, akameza kidonge. Kwa hiyo Shangazi akikuuliza kama samli ilifanya kazi, mjibu bila kupepesa macho kwamba ilifanya kazi kubwa, ila ilipitia mdomoni. Kibuyu kimekwisha, na Eliud naye alikuwa anaugua njaa ya samli kila tunapopakua, tukamtibu pia.

Benadeta aliuliza kama kuna mtoto mwingine anayelala naye. Nikamleta Yustus, na kweli akakutwa na kibaka kidogo cha ukubwa wa kifungo cha shati ambacho sikuwa nimekiona. Watoto wa Nolasco nao wamepimwa hospitali ya huko kwao Kyerwa, wanameza dawa na wanaendelea vizuri. Nolasco aliona aibu kukuambia, akidhani utaona tunakusema. Hapa nyumbani kila mtu sasa ana chanuo lake na taulo lake. Foronya nilizichemsha na kuzianika kwenye jua kali, na ile kofia ya sufi niliichoma. Kinyozi wa Eliud nimemwomba afute mashine yake kwa spiriti kabla ya kumgusa, na Eliud anasema nimemwaibisha mbele ya wanaume. Nimemwambia aibu ya siku moja haiozeshi kichwa.

Nilipomuuliza Benadeta ugonjwa ulianzia kwa nani, hakutaka tutafute. Alisema siku ya matanga kati ya watu wote wale mmoja alikuwa nao, labda alikuwa na vumbi kidogo tu ambalo hakuna aliyeliona, na wembe ukambebea mwenzake. Kingeweza kuwa kichwa changu. Kuvu hasafiri kwa ukoo wala kwa hasira ya marehemu, anasafiri kwa wembe, kwa chanuo, kwa kofia. Mackrine alikuwa amekaa juu ya kitanda cha wagonjwa miguu inaning'inia, akauliza taratibu kama Babu atakasirika akimeza vidonge.

Ndipo tukajua alichokuwa amekibeba. Kwa miezi yote ile mtoto wa miaka minane aliamini babu yake hamtaki. Aliamini kwamba kwa kuwa pikipiki iliharibika, mtu aliyempenda kuliko watu wote amekaa kaburini akiziozesha nywele zake moja moja. Benadeta akaacha kuandika, akamwuliza babu yake alikuwa mtu wa namna gani. Mackrine akamwambia habari za punje za kahawa. Benadeta akasema mtu wa namna hiyo asingefanya hivyo, na kwamba fangasi hajui hata kidogo nani alichelewa na nani aliwahi. Tukiwa njiani kurudi, mtoto akaniomba nimsimulie habari za Babu, jambo ambalo alikuwa amelikataa tangu msiba. Nikamsimulia hadi tukafika mlangoni.

Uvimbe ulishuka taratibu. Shuleni alirudi mapema, maana tabibu alisema akishaanza dawa hana sababu ya kukaa nyumbani. Mwezi wa nne nywele zikaanza kutoka, laini na nyeusi, kama ulezi unaochipua. Pale palipokuwa na uvimbe pamebaki sehemu ya ukubwa wa kizibo cha soda ambapo bado ni patupu, panang'aa. Benadeta hakutudanganya. Alisema huenda patafunikwa na nywele, huenda hapatafunikwa, kwa sababu uvimbe mkubwa ukikaa sana unaacha kovu na mizizi inakufa, na ndiyo maana mtoto anapaswa kuletwa mapema.

Sasa, Mama, nakuja kwenye jambo lenyewe. Kama umekaa pembeni ya kitanda, kaa vizuri.

Jumamosi moja baada ya Pasaka nilikuwa namwosha Mackrine kichwa kwa ile sabuni. Nikapitisha kidole kwenye ile sehemu tupu, nikasikitika, nadhani aliusikia mkono wangu ukisikitika. Akaniambia nisihuzunike, kwa kuwa hata ya Bibi iko hivyo hivyo, tena kubwa zaidi. Kisha akaziba mdomo kwa mikono yote miwili yenye povu. Alikuwa amekuahidi hatasema.

Usimkasirikie. Alijitahidi miezi minne, na mimi mwenyewe nisingeweza siku nne. Nilimfuta povu, nikamkalisha, naye akaniambia yote huku analia kwa kuvunja ahadi. Kwamba wakati wa Krismasi, baada ya kunyolewa kwa mara ya pili, alikuwa amejifungia chumbani kwako hataki kuonekana. Kwamba uliingia, ukafunga mlango, ukafungua kitambaa chako mbele yake. Kwamba ulimwambia kuna mtu mwingine duniani mwenye kichwa kama chake, asijione peke yake.

Na akaniambia ya jogoo. Kwamba ulikuwa mdogo kuliko yeye, kule kwenu Nyakakika, siku ya kumzika baba yako. Watu wamekaa kimya wanasali, jogoo akaruka juu ya kiti cha katekista, akajinyoosha, akawika katikati ya sala, nawe ukacheka. Wakakupiga kofi. Siku ya matanga wakakunyoa kwa wembe wa ukoo pamoja na wengine, na kichwa chako kikavimba kikaoza, na upande mmoja nywele hazikurudi tena. Wakakuambia baba yako amekukataa kwa sababu ulimcheka. Ukawa unafunga kitambaa tangu hapo.

Mama. Nina miaka thelathini na sita na sijawahi kukiona kichwa chako. Nilidhani ni heshima. Nilidhani ndivyo wamama wa kwetu Bweranyange walivyo. Ukienda kuoga ulikuwa unatoka umeshafunga, ukilala umefunga, ulipolazwa kwa malaria ulifunga. Sasa ndiyo naelewa kwa nini Baba kila msimu akiuza kahawa, kabla hajanunua kitu kingine chochote, alikuletea kitambaa kipya, na kwa nini ulikuwa unakipokea huku unatazama chini. Alijua, na hakumwambia mtu mpaka tukamzika. Na sasa naelewa ule mlango ulioufunga siku ya matanga yake.

Nilirudi kwa Benadeta nikiwa peke yangu. Sikulitaja jina lako. Nilimwuliza tu habari za mama mmoja mtu mzima aliyeugua utotoni akabaki na sehemu isiyoota nywele. Akasema ni ule ule uvimbe wa Mackrine, bila dawa. Ugonjwa wenyewe ulikwisha kwa huyo mama zamani sana, hawezi kumwambukiza mtu, na kilichobaki ni kovu tu kama la moto. Dawa haiwezi kuzirudisha zile nywele sasa. Lakini enzi zile angepata vidonge, zingerudi. Nikamwuliza kama mtoto kucheka msibani kunaweza kuleta uvimbe ule. Benadeta akanitazama, nadhani alielewa, akasema hapana mama, ni fangasi.

Basi ndicho nilichokaa kukuandikia, hayo mengine yote ni njia ya kufika hapa. Baba yako hakukukataa. Hakukukasirikia hata siku moja. Ulikuwa mtoto mdogo uliyechoka kukaa kimya, na wembe uliokunyoa ulitoka kwenye kichwa cha mtu mwingine mwenye kuvu, na hapakuwa na mtu wa kukupeleka popote. Umemwogopa marehemu miaka sitini bure. Natamani ningekuwa hapo nikushike mkono wakati unasoma. Nakupenda sana, Mama, na jambo hili nilipaswa kukuambia mara nyingi zaidi tangu zamani.

Sasa nina ombi. Mwisho wa mwezi ujao ni misa ya mwaka ya Baba, na Nolasco anasema Shangazi ameshatangaza kwamba wajukuu wote watanyolewa ili mwaka ufungwe, kwa wembe ule ule ulioko darini. Sikatai kunyolewa. Watoto nitawaleta wote wawili. Lakini wembe ule usiwaguse, na nikisema mimi itakuwa nimejitoa kwenye tumbo moja. Akisema mjane wa mzee Pastory, hakuna wa kubisha. Shangazi mwenyewe abaki pale pale kwenye kigoda chake, awanyoe yeye, mkono wake uwe ule ule mmoja kwa wote na maneno ya ukoo ayaseme. Ila kila kichwa kiwe na wembe wake mpya, na mwenye kidonda asinyolewe. Ile kanzu ya Baba uliyonipa nimeikata. Nimeshona vifuko vidogo, kila mjukuu na chake, jina nimelidarizi kwa uzi mwekundu, ndani kuna wembe na chanuo. Nimekishona na cha Shangazi, kikubwa kuliko vyote, ili ajue sijajitoa. Kama utaona vema, mpe wewe.

Kitambaa chako ni chako. Ukifunge, usikifunge, mimi sitasema neno na mtu, hata Eliud hajui. Nimenunua kimoja cha rangi ya kahawia chenye maua, nitakuja nacho, kwa kuwa mwaka huu hayupo wa kukuletea.

Msalimie Shangazi, mwambie hasira zangu zimekwisha na goti langu liko tayari kumpigia shikamoo. Wasalimie majirani, msalimie na ng'ombe. Eliud anaomba kibuyu kingine, anadai ni kwa ajili ya afya. Yustus anakusalimu, au tuseme anawasalimu wamama wote wenye vitambaa, nawe umo. Mungu akulinde mpaka tuonane.

Mackrine amekaa hapa anasoma kila neno juu ya bega langu, nimeshindwa kumfukuza. Anakuomba radhi kwa kusema siri. Amesema akija misani atakaa na wewe, na hatavaa kofia. Na amenilazimisha niandike hili kama alivyolisema: kwamba amewaza sana habari za yule jogoo juu ya kiti cha katekista, na kwamba hata yeye angecheka. Hata Babu angecheka.

Ni mimi binti yako,

Placidia